Barbados mara ya kwanza: anzeni na njia

SWALI: Mimi na mume wangu, wakazi wa Jinja, tunataka kwenda Barbados Agosti. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada, kabla ya hoteli, tazameni njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe, na anayepitia Marekani lazima awe na viza ya huko hata kama anabadilisha ndege tu. Wengi hukwama hapo, tiketi wameshalipia. Chanjo ya homa ya manjano mchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, ikae mkobani na pasipoti, si kwenye sanduku. Agosti imo katika msimu wa vimbunga, Juni hadi Novemba; mkiweza, sogezeni hadi Februari. Nguo za mabaka ya kijeshi ziacheni nyumbani: sheria ya Barbados inazikataza, hata kwa watoto.