Baba amepata mwenzake katika makao ya wazee: je, tuwatenganishe?

SWALI: Baba yangu ana maradhi ya Alzheimer na anaishi katika makao ya wazee. Siku hizi hushinda na bibi mmoja mkazi wa humo, mwenye ugonjwa kama wake. Hushikana mikono, na usiku mmoja wahudumu waliwakuta kitanda kimoja. Baba humwita kwa jina la mama yetu, ambaye yu hai na huenda kumtazama. Ndugu zangu wanadai mmoja wao ahamishwe. Je, tuna haki hiyo?

JIBU: Poleni, na mama apewe pole ya pekee. Ugonjwa huu huharibu kumbukumbu, lakini hamu ya kupendwa na kuguswa yaweza kubaki muda mrefu baada ya majina kupotea. Kwa hiyo linalopaswa kutangulia si aibu ya watoto, bali ni kama wazee hao wote wawili wameridhia.

Ridhaa yenyewe haipimwi kwa kumwuliza baba leo ni tarehe ngapi, kwani asiyejua mwaka aweza kujua vizuri anayetaka kukaa naye. Mwulizeni mhudumu anayewaona kila siku: ni nani humfuata mwenzake? Bibi huyo akishikwa mkono husogea karibu, au hukakamaa na kugeuza uso? Akitaka kuondoka, huachwa aende zake? Ninyi mmeniandikia habari za baba tu, ilhali huenda bibi huyo ndiye anayehitaji kulindwa zaidi.

Jina la mama ndilo fundo gumu. Ikiwa baba anaamini kwamba aliye naye ni mkewe, je, ameridhia kweli? Kwa kukaa pamoja na kushikana mikono, naona kosa hilo halitoshi kuwanyima faraja, maadamu wote wametulia. Tendo la ndoa ni jambo zito zaidi: hapo kila mmoja anapaswa kuelewa linalotendeka na kuweza kulikataa, na shaka ikibaki, wahudumu wana wajibu wa kuzuia. Wala familia haiwezi kuijaza nafasi hiyo. Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, inayotumika England na Wales, inakataza mtu yeyote kuridhia tendo hilo kwa niaba ya asiye na uwezo wa kuamua.

Kuhusu mama, kiapo chake hakijafutwa na ugonjwa wa mumewe, na uchungu wake si wivu wa kitoto. Sandra Day O'Connor, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, alikutwa na hali hiyo mwaka 2007, na mwanawe alieleza kwamba mama yake alifurahi kumwona mumewe ametulia. Msimtake mama yenu afanane naye. Mpangieni saa ya kumtembelea baba akiwa peke yake.

Kabla ya kudai uhamisho, ambao huweza kumvuruga sana mgonjwa wa aina hii, kutaneni na wasimamizi pamoja na familia ya bibi huyo. Mwombe daktari pia aangalie kama tabia hii ilianza ghafla, kwani baadhi ya dawa, kama zile za Parkinson (maradhi ya kutetemeka), huchochea ashiki. Kisha ulizeni kama kituo kina mwongozo wa maandishi kuhusu mapenzi kati ya wakazi. Hebrew Home, makao ya wazee ya Riverdale, New York, iliuweka wake tangu 1995, na bila mwongozo wa namna hiyo kila mhudumu wa zamu ya usiku ataamua kwa maoni yake mwenyewe.