Kabla hujaandika mtu mpya, jiulize yule wa kwanza aliondoka kwa nini

Mwaka juzi mwezi wa tatu nilipoteza watu wanne ndani ya wiki tatu. Wawili walichukuliwa na hoteli moja kule Bamburi, mmoja akapata visa ya Qatar, na wa nne hakusema kitu, alikuja zamu ya usiku kama kawaida, akafanya kazi mpaka alfajiri, akakunja aproni yake vizuri akaiweka juu ya gunia la unga, akatoka, na tangu siku ile simu yake ikawa haipatikani. Mimi nina bekari ndogo huku Kisauni, tunapika boflo, yaani mkate wa kawaida, na skonzi, Ramadhani tunaongeza mkate wa mayai, na tuko watu 22 ukihesabu na madereva wa kusambaza. Wanne kwa bekari kama yangu ni zamu nzima ya usiku imeondoka. Nikampigia kaka yangu nikalalamika weee, vijana wa siku hizi hawataki kazi, ukimfunza anaondoka, ukimkanya anaondoka. Akanisikiliza mpaka nikamaliza alafu akaniuliza, "Dada, tangu mwaka jana wameondoka wangapi, na wangapi walikwambia sababu?" Swali la kwanza nilihesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha. La pili sikuwa na hata mmoja.

Nayaandika haya manake kila nikikutana na wenye biashara wenzangu hapa Mombasa, awe wa yadi ya makontena Shimanzi au wa duka la spea Mwembe Tayari, malalamiko ni yale yale, watu wa kazi hawapatikani, na akili yetu yote inakimbilia kutafuta mtu mpya. Tunatangaza kwa magrupu ya WhatsApp, tunaomba majirani watuletee watoto wao, tunafanya intavyu, tunaandika, miezi mitatu tumerudi pale pale. Mimi nimefanya hivyo miaka sita. Ushauri wangu kwa nyote mnaoajiri ni huu: kabla hujatafuta mpya, nenda ukamtafute aliyeondoka umuulize. Sio umbembeleze arudi. Umuulize tu, na ukae kimya akijibu.

Niliwatafuta saba. Watano walikubali kuongea, wengine kwa simu, na mmoja nilimfuata mpaka kwao Jomvu nikakaa kwa mkeka mamake akanipa chai. Nilikuwa na hakika wote watasema pesa. Waliosema pesa ni wawili, na hao wawili pia pesa haikuwa kitu cha kwanza kutaja.

Dada mmoja aliyekuwa akipakia boflo anakaa Likoni, ng'ambo ya feri. Zamu yetu inaanza saa nane usiku ili mkate ufike madukani kabla ya saa kumi na mbili. Feri inatembea usiku kucha, sawa, lakini usiku unaingoja, alafu ukishuka upande wa kisiwani matatu hakuna, ni boda mpaka uvuke daraja la Nyali uje Kisauni, na boda ya saa saba usiku sio bei ya mchana, tena mwanamke peke yake. Karibu theluthi ya alichokuwa akipata kwangu kilikuwa kinaishia barabarani. Alinieleza haya polepole, bila hasira, na mimi nilikuwa nimempa barua mbili za onyo za kuchelewa. Barua mbili! Sikuwahi kumuuliza anapita wapi. Na gari letu la kusambaza muda huo wote lilikuwa limelala getini mpaka saa kumi alfajiri. Sasa dereva anaanza mapema, anaanzia pale feri, anapitia Mwembe Tayari, anavuka daraja, anazoa watu njiani, mafuta yameongezeka ndio, lakini watu wanafika wakiwa wazima na wako tayari kwa kazi. Yule dada alirudi mwenyewe aliposikia.

Kuhusu mshahara nina kisa cha mwaka jana. Kijana mmoja wa kukanda unga alinijia na meseji ya M-Pesa mkononi, macho mekundu. "Mama, umenikata elfu mbili na kitu. Nimekosa nini?" Yani yeye alijua nimempiga faini. Kwa mwaka mzima nilikuwa natuma pesa kwa simu bila karatasi yoyote ya kuonyesha makato, na sheria yenyewe inasema mfanyakazi apewe maelezo ya mshahara wake kwa maandishi. Nikachukua chaki nikaandika kwa mlango wa stoo mbele ya wote. Mshahara 20,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, ni 1,200, ile 200 ya zamani iliisha mwezi wa Februari 2023. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, ni 550, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Tozo ya nyumba ya serikali asilimia 1.5, ni 300. Jumla 2,050, unabaki na 17,950, na kodi ya mapato hapo hukatwi kwa sababu ile nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi inaimeza yote. Alafu nikaandika upande wangu, manake hilo hawakuwa wakilijua kabisa: NSSF natoa 1,200 nyingine, nyumba 300 nyingine, NITA, ada ya mafunzo ya kazi, 50, kwa hivyo mtu wa 20,000 kwangu ni 21,550 kabla sijamnunulia aproni, na NSSF na SHIF lazima ziwe zimefika serikalini kabla tarehe 9 ya mwezi unaofuata haijapita. Kukawa kimya. Mzee mmoja wa tanuri akasema, "Kumbe na wewe unakatwa." Tangu siku hiyo kila mtu anapata karatasi yake, na mlango wa stoo sijaufuta.

Gharama hizi zinatuumiza, sitaficha, biashara ndogo inazisikia kila mwezi. Lakini wengi wetu tunajaribu kuzikwepa kwa kuwaweka watu vibarua miaka nenda miaka rudi, na hapo ndipo tunapojichimbia shimo. Mimi nilikuwa na vibarua wa miaka miwili, analipwa jioni, kesho aje au asije. Kwanza Sheria ya Ajira ya 2007 kwa kifungu cha 37 haikubali, ukimtumia kibarua mfululizo siku zikafika mwezi, au kazi yenyewe ni ya kudumu miezi mitatu na zaidi, anahesabika ni mtu wa mwezi hata kama hamkuandikiana kitu, anadai notisi, anadai likizo ya siku 21 kwa mwaka. Pili, hata tuweke sheria kando, mtu asiyejua kama kesho ana kazi atakuwa anatafuta kazi nyingine kila siku ya Mungu, na ana haki. Ile hoteli ya Bamburi haikuwapa wale wangu wawili pesa nyingi kunizidi. Iliwapa barua ya ajira.

Sasa kwangu kibarua akifika mwezi tunakaa chini, ninamwambia wazi, unaingia majaribio ya miezi mitatu, nitaangalia hiki na hiki na hiki, ukipita unaandikwa, na ikiisha nasema ndio au hapana, simwachi akining'inia. Na kile cheti cha afya cha kushika chakula kinachopimwa kila miezi sita nalipa mimi. Zamani nilikuwa namwambia mtu ajilipie hata kabla hajaonja mshahara wangu, na kuna waliokopa ili wapimwe, hilo bado linaniuma.

Kuna kosa moja ambalo nataka mwenye biashara yeyote anayesoma hapa asilirudie. Niliwahi kumfukuza dereva kwa sababu hesabu ya jioni ilipungua shilingi 8,400. Nilimwambia getini, mbele ya wenzake, leta funguo nenda. Sikumpa nafasi ya kusema hata neno. Baada ya siku tisa tukagundua duka moja lilikuwa limelipa kwa till yetu ya zamani, ile namba ya kulipia kwa simu, pesa iko, haijaibiwa. Wakati huo yeye ameshaenda ofisi ya leba. Pale nilielezwa kifungu cha 41 cha ile ile Sheria ya Ajira, kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa lazima umweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake wa kusimama naye, na umsikilize, na kwamba kesi kama hiyo ikifika kortini fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Tulielewana, nikamlipa haki yake, nikamuomba msamaha, na msamaha nikauomba pale pale getini mbele ya watu wale wale. Hakurudi kazini na simlaumu. Sasa hivi hakuna anayetoka bekari yangu kwa hasira za siku hiyo hiyo. Tunalala kwanza, asubuhi tunakaa watatu, alichosema kinaandikwa, anasaini.

Yule wa Qatar alikuwa fundi wangu wa tanuri. Yeye hakutazama saa, anaitoa boflo moja, anaigeuza, anaigonga chini kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, ikilia kama tupu ndani basi imeiva, ikilia nzito anairudisha. Kwa miaka minne nilimwangalia akigonga na sikuwahi kumweka mtu kando yake ajifunze. Wiki aliyoondoka tulirudishiwa kreti 40, katikati mbichi, maduka mawili yakatuhama mpaka leo. Ghuba itaendelea kuchukua watu wa Pwani, huwezi kushindana na riyali, na kusema kweli yule kijana anajenga kwao sasa na mimi nafurahi kwa ajili yake. Ila ujuzi usikae kwa mkono wa mtu mmoja. Kila kazi ngumu kwangu sasa ina watu wawili, mmoja anafanya mmoja anajifunza, wanabadilishana kila mwezi, na anayefunza anaongezewa kidogo, manake mtu akiona anafunza wa kumpokonya kazi atakufunzia nusu.

Na Ramadhani. Hili haliko kwa kitabu chochote cha maneja lakini ukiwa mwajiri Mombasa utalikuta. Mwezi ule ndio boflo na mkate wa mayai vinaenda sana, na ndio mwezi ambao zaidi ya nusu ya watu wangu wamefunga, wamesimama mbele ya tanuri na koo kavu. Zamani nilikuwa nasema zamu ni zamu. Mwaka mmoja kijana alianguka alasiri na trei mkononi, alhamdulillahi hakuungua. Sasa tukikaribia mwezi tunakaa wote, zamu ya mchana ya tanuri wanaichukua wenzetu Wakristo, waliofunga wanaingia baada ya tarawehe na daku wanakula hapo hapo kazini, mimi natoa. Desemba inageuka, Waislamu wanashika Krismasi wenzao waende kwao Taita, Kilifi, Ukambani. Mpango wenyewe sikuutoa mimi, waliupanga wao kwa karatasi ya kasha la hamira nikausaini, na ndio maana hauvunjiki.

Huyu wa nne, wa aproni, sikumpata kwa simu. Nilimkuta mwenyewe soko la Kongowea miezi kadhaa baadaye, anashusha viazi kwa lori. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa upole, mwanangu ulikwazwa na nini kwangu. Akasema mamake alikuwa mgonjwa, aliomba ruhusa mara mbili ya kumpeleka hospitali, msimamizi akamwambia nimekataa. Mimi sikuwahi kuulizwa. Hata sikujua ana mama mgonjwa. Nilisimama pale kati ya magunia sina la kusema. Msimamizi tuliongea, kumbe naye alikuwa anaogopa kuniletea habari ya mtu kukosa zamu kwa vile nilivyokuwa nikipayuka, kwa hivyo hilo pia lilikuwa langu.

Sasa kila Alhamisi baada ya zamu nakaa nusu saa pale nje kwa benchi na chai ya tangawizi, mwenye neno anakuja, asiye na neno anakunywa chai. Wiki za kwanza hakuja mtu. Kijana wa Kongowea nilimwambia nafasi yake iko, akanishukuru, akasema viazi vinamtosha. Ila mwezi uliopita alimleta mdogo wake. Ameanza Jumatatu, tumempeleka kupima cheti cha afya, na namba yangu ya simu nimemwandikia mwenyewe.