Tangi la Choo Hufurika Usiku: Je, Tununue Vifaa Vyote?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangi la choo chetu hujaa na kutulia mchana, lakini usiku maji huchuruzika kwenye sinki hadi alfajiri. Tunatumia maji ya bomba, na yakikatika tunafungulia maji ya kisima kutoka kwenye simtanki. Fundi anatutaka tununue vifaa vyote vya ndani. Je, ni lazima? – Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, hapana, si lazima, na usitoe fedha kabla hujafunua tangi usiku maji yanapochuruzika. Ndani yake mna sehemu mbili: koki ya boya inayoingiza maji, na kizibo cha chini kinachoyaachia unapoflashi. Maji yakiwa yamefika kwenye mdomo wa bomba la kufurikia, lile lililosimama katikati, mkosaji ni koki ya boya. Yakiwa chini ya mdomo huo na bado sinki linapokea maji, kizibo ndicho kinachovuja, na hilo si kufurika.

Tukichukulia kwamba ni koki, inua boya kwa mkono. Maji yakikatika mara moja, koki ni nzima, ila boya limewekwa juu mno au limeingiwa na maji. Lifungue ulitikise, nawe utasikia. Boya zima lishushe kwa skrubu au klipu yake, ama kwa kupinda kidogo mkono wake kama ni wa shaba, mpaka maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia.

Yasipokatika hata ukiliinua hadi mwisho, tazama mpira wa koki. Funga maji, flashi ili tangi liishe, kisha fungua kifuniko cha koki uutoe. Kwa kuwa mnachanganya maji ya bomba na ya kisima, sitashangaa ukikuta gamba jeupe la chumvi, au mchanga na kutu, ambavyo huja kwa wingi maji yanaporudi baada ya kukatika. Gamba hulainika likilowekwa kwenye siki. Mpira uliochimbika hubadilishwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya seti nzima. Kabla ya kurudisha kifuniko, funika koki kwa kikombe kilichoinamishwa na ufungulie maji kidogo ili uchafu utoke.

Kuhusu usiku, sababu ni msukumo. Majirani wakilala, matumizi hupungua na msukumo kwenye bomba la mtaa hupanda, hivyo mpira uliochoka ambao mchana bado unazuia maji hushindwa. Simtanki iliyo kwenye mnara wa mita 3 hutoa msukumo wa takriban ba 0.3 tu, ambao ni mdogo sana ukilinganisha na wa bomba lenye nguvu; kwa hiyo jaribuni kulala mkitumia simtanki peke yake. Tangi likitulia, chanzo ni msukumo wa bomba.

Hapo wengi hupunguza koki ya ukutani na kudhani wamemaliza kazi. Koki hiyo hupunguza kasi ya maji tu: maji yakisimama, msukumo hurudi uleule, na tangi litafurika polepole badala ya haraka. Ikiwa mpira mpya haukusaidia, nunueni koki ya boya iliyoandikwa kuwa ni ya msukumo mkubwa, bila kugusa kizibo cha chini, au wekeni kifaa cha kupunguza msukumo kwenye bomba linaloingia nyumbani, jambo ambalo litazinufaisha koki zote.

Fundi anapoifunga, aishike koki kwa ndani isizunguke, na nati ya plastiki ya chini aikaze kwa mkono, kisha aongeze kidogo tu kwa spana, kwa sababu tangi la kauri hupasuka kwa urahisi.