Kumbukumbu Ikiharibika, Mfumo Endeshi Ufanye Nini?

SWALI: Seva yetu ya Linux ina RAM ya ECC. Kwa majuma kadhaa logi zimeonyesha makosa ya kumbukumbu "yaliyosahihishwa", kisha hifadhidata ikauawa ghafla huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Kwa nini mfumo usiizime mashine nzima, au usiiache hifadhidata iendelee?

JIBU: Mfumo ulifanya sawasawa. RAM ya ECC, yaani inayogundua na kusahihisha makosa yake, kwa kawaida huweka biti 8 za ulinzi kwa kila biti 64 za data. Biti moja ikigeuka, hurekebishwa papo hapo. Zikigeuka mbili katika kundi hilo hilo, kinachojulikana ni kwamba data imeharibika tu. Ilikuwa nini, haijulikani. Hapo prosesa huishtua kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na kuipa anwani yenye hitilafu.

Kuanzia hapo inategemea ukurasa wenye anwani hiyo, yaani kipande cha kumbukumbu cha kwa kawaida baiti 4,096, ni wa nani na kama yaliyomo yana nakala kwingine. Ukiwa mtupu, hutengwa usitumike tena, basi. Ukiwa na kipande cha faili ambacho hakijabadilishwa tangu kisomwe diskini, hutupwa na kusomwa upya. Mtumiaji hahisi kitu. Ukiwa na data ya programu isiyo na nakala, Linux huitumia programu hiyo SIGBUS, ishara ya hitilafu ya kumbukumbu, pamoja na anwani. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), kwa mfano, huipokea na kuifikisha kwa mashine pepe iliyoathirika. Programu isiyojua kuishika hufa, na yaelekea ndilo lililoipata hifadhidata yenu.

Ukurasa ukiwa wa kerneli yenyewe, kwa kawaida mashine nzima husimama, na ni heri isimame. Hifadhidata iliyokatika ghafla hujirudisha kwa jarida lake la miamala. Iliyoachwa iandike namba potofu huzipeleka diskini, kisha kwenye chelezo (nakala za akiba), na hakuna atakayejua hadi miezi ipite.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni yale majuma ya makosa yaliyosahihishwa, maana hayo yalikuwa onyo. Wekeni rasdaemon, programu inayorekodi makosa ya maunzi, kisha endesheni `ras-mc-ctl --errors` muone ni kadi ipi ya RAM. Kosa moja la pekee si hoja. Yakijirudia kwenye kadi ile ile, ibadilisheni. Angalieni pia mstari wa HardwareCorrupted ndani ya /proc/meminfo: huonyesha kiasi kilichotengwa. Orodha ya kurasa zilizotengwa haidumu. Mkiwasha mashine upya bila kubadilisha kadi, ukurasa mbovu hurudi kazini.

SWALI: Na kompyuta yangu isiyo na ECC?

JIBU: Hapo mfumo hauna macho. Utaona faili zilizobanwa zikikataa kufunguka, au programu zikianguka kila moja kwa sababu yake. Hata RAM ya kizazi cha DDR5, ingawa hujisahihisha ndani ya chipu, hailindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa.

Kwanza zima XMP, mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi zaidi, kwenye BIOS, kwa sababu hata RAM isiyo na kasoro ikisukumwa kasi kupita kiasi hukosea. Kisha washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, uiache usiku kucha. Kosa hata moja halikubaliki. Likitokea, pima kadi moja moja kwenye nafasi ile ile. Zote zikikosea hapo, shuku nafasi au prosesa. Ukilazimika kusubiri kadi mpya, Linux inaweza kuruka eneo bovu kwa kigezo kama `memmap=64K$0x18690000`, ukiweka anwani uliyoipata wewe. Ndani ya faili la mipangilio la GRUB, programu inayoiwasha Linux, alama ya dola itangulizwe mikwaju ya nyuma (\), la sivyo humezwa na kigezo hakifanyi kazi.