Barua kwa binti yangu: hizo zaburi, tumebandika?

Marahaba mama. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza sikuambulia kitu maana mama yako alikuwa anakaanga vitunguu na redio imefunguliwa mpaka mwisho, ya pili nikaelewa, ya tatu nikakaa kimya kidogo. Unasema mlikuwa mnakula mchana na yule mwenzako wa kazini, Myahudi, hapo Toronto, stori zikafika kwenye Pasaka, akakwambia kwa upole tu kwamba zaburi mnazosema zinamtaja Yesu hazimtaji, ni nyimbo za wafalme wa Yerusalemu ya kale, nyie Wakristo mmebandika jina lenu juu yake. Ukakosa la kusema. Ndo ukaniuliza, "Baba, tumebandika?"

Mi sio mchungaji, ni mwalimu wa kwaya mstaafu, ntakujibu nlivyoelewa kwa kuzifundisha hizo zaburi miaka yote ile sauti nne. Na naanza kwa kukwambia huyo mwenzako sehemu kubwa yuko sawa, kwahiyo usirudi pale kesho na ngumi.

Chukua neno lenyewe, masihi. Maana yake ni mtu aliyepakwa mafuta, basi, Kristo ni hilohilo kwa Kigiriki. Sauli alikuwa masihi. Unakumbuka Daudi kule pangoni, Sauli kaingia kujisaidia, vijana wanamwambia Daudi mmalize, yeye anakata upindo wa vazi tu alafu roho inamsuta, anasema hawezi kumnyooshea mkono masihi wa BWANA. Yaani Sauli huyohuyo anayemwinda! Tena Isaya 45 anaitwa masihi mtu ambaye hata Mwisraeli sio, Koreshi mfalme wa Uajemi. Kwahiyo ukikuta "masihi wake" kwenye Zaburi ya 2, mwimbaji wa kwanza alikuwa anamtazama mtu wa nyama na damu anakaa kitini Yerusalemu siku hiyo. "Ndiwe mwanangu, Mimi leo nimekuzaa" ni maneno ya kumsimika mfalme, yanatokana na ile ahadi ya Nathani kwa Daudi, 2 Samweli 7, kwamba Mungu atakuwa baba kwa mtoto atakayerithi kiti.

Sasa hapo ndo utamu unaanza. Unalikumbuka sweta lako la fomu wani? Mama yako alilinunua kubwa makusudi, mikono inafika kwenye vidole, ukalia wenzako watakucheka, akakwambia utalijaza. Fomu foo ukalijaza kweli. Hizi zaburi za kifalme ni sweta la hivyo ila hamna aliyelijaza. Zaburi ya 72 inamuombea mfalme atawale toka bahari hata bahari, wafalme wote wamsujudie, maskini asionewe tena, na jina lake lidumu kama jua. Nani kati yao? Sulemani? Huyo watu wake walichoka na kazi za shokoa mpaka alipokufa ufalme ukapasuka vipande viwili. Waliofuata wengi wao ndo usiseme. Alafu 586 KK Wababeli wakaibomoa Yerusalemu, kiti cha Daudi kikabaki wazi, na Zaburi ya 89 inalia waziwazi, inamkumbusha Mungu kiapo chake alafu inamwambia wewe umemtupa, umemkataa masihi wako. Mimi ile zaburi naipenda kuliko zote kwa sababu haijipendekezi.

Ila angalia walichofanya. Mfalme hayupo, na hizo nyimbo za kusimika mfalme hawakuzitupa. Walipokikusanya kitabu cha Zaburi kama tulivyonacho, waliziacha humo wakaendelea kuziimba mamia ya miaka, Waajemi wakaja, Wagiriki wakaja, Warumi wakaja. Huwezi kumuimbia mfalme ambaye hayupo kizazi baada ya kizazi bila kuanza kumsubiri. Na kusubiri huko hakukuanzishwa na Wakristo mama, ni kwa Wayahudi wenyewe, hata Talmudi yao, ule mkusanyiko wa mafundisho ya walimu wao wa kale, inaisoma Zaburi ya 2 kuhusu Masihi mwana wa Daudi, na Rashi, yule mwalimu wao mkubwa wa Ufaransa aliyefariki 1105, anakiri kabisa kwamba walimu wa zamani waliielekeza kwa mfalme Masihi, yeye ndo anasema kwa maana ya juujuu tuielekeze kwa Daudi. Hilo muulize mwenzako taratibu, asione unamtega.

Haya, tuje kwenye 110, hiyo ndo yenyewe. Hamna mstari wa Agano la Kale unaorudiwa kwenye Agano Jipya kama wa kwanza wa zaburi hiyo, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume". Yesu mwenyewe aliuchukua pale hekaluni akawauliza watu, kama Masihi ni mwana wa Daudi, mbona Daudi anamwita Bwana? Baba gani anamwita mwanae bwana? Mwenzako atakwambia aliyetunga ni mshairi wa ikulu anamwimbia Daudi, basi "bwana wangu" ni heshima ya kawaida tu, na Rashi yeye anasema anayezungumziwa ni Abrahamu. Sawa. Mimi hapo sibishani sana, maana kinachonikamata kipo mstari wa 4, "Ndiwe kuhani hata milele, kwa mfano wa Melkizedeki."

Mfalme anaambiwa ni kuhani! Huko kwao vitu hivyo havichanganyiki. Ufalme ni kabila la Yuda, ukuhani ni Lawi, nyumba ya Haruni. Uzia alikuwa mfalme mzuri tu, siku moja kiburi kikampanda akaingia hekaluni kufukiza uvumba mwenyewe, makuhani 80 wakamfuata kumzuia, ukoma ukamtoka kwenye paji la uso akaishi kivyake mpaka kufa. Ndo uone uzito wa hilo neno kwenye zaburi. Daudi ni kweli siku sanduku la agano linaingia mjini alivaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani, akatoa sadaka, ila ukuhani wa milele, kwa kiapo? Zaburi inaruka nyuma ya Haruni kabisa, inaenda Mwanzo 14 kwa huyo Melkizedeki, mfalme wa Salemu anayetokea mara moja na mkate na divai, anambariki Abramu, anapewa fungu la kumi, anapotea, hatuambiwi babake wala kaburi lake. Na Salemu ni Yerusalemu hiyohiyo.

Unajua wale watu wa Qumran, wa zile gombo zilizoanza kuokotwa mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi 1947, wao walitatua hivi: walisubiri masihi wawili, mmoja wa Haruni na mmoja wa Israeli. Kila mtu na kazi yake. Ina akili kwa kweli. Mwandishi wa Waebrania akaenda njia nyingine, akasema ni mmoja, na anakubali bila kuficha kwamba Yesu ametoka Yuda, kabila ambalo Musa hakulitaja kwenye mambo ya ukuhani, ndo maana anashikilia Melkizedeki sura nzima ya 7.

Kipaimara tulikaririshwa kwamba Yesu ni nabii, kuhani na mfalme; hilo la tatu lililobaki, unabii, usihangaike kulitafuta sana kwenye Zaburi. Unabii unabebwa zaidi na Kumbukumbu la Torati 18. Kwenye zaburi utapata kidogo ile 22:22, "Nitalihubiri jina lako kwa ndugu zangu", Waebrania wanaiweka kinywani mwa Yesu.

Na kwa vile nimeitaja 22. Hii ndo ile tunayoisoma Ijumaa Kuu, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", nguo zinapigiwa kura, watu wanatikisa vichwa. Hapo mfalme hayupo, kuhani hayupo, kuna mtu anateswa tu. Mwenzako lazima atakugusia mstari wa 16, "Wamenizua mikono na miguu", kwamba Kiebrania chao kinasoma "kama simba". Ni kweli kinasoma hivyo. Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki kabla ya Yesu kuzaliwa waliandika "walichimba", kwahiyo sio Mkristo aliyeingiza. Lakini usiweke uzito wako wote hapo, kwa sababu wainjili wenyewe hawakuweka! Wametumia kura za nguo, wametumia kilio, huo mstari wa mikono hakuna hata mmoja aliyeunukuu kwenye habari za msalaba. Wahubiri wetu wanaupigia kelele kuliko Mathayo, sijui wamempita wapi.

Kwahiyo kubandika? Mi naona hivi. Wale wanafunzi hawakukaa na Zaburi wakachora picha ya Masihi alafu wakatafuta mtu wa kufanana nayo, kama ingekuwa hivyo wangetafuta mpanda farasi wa kuwafukuza Warumi. Walimuona mtu amesulubiwa, wakasema wamemuona tena yu hai, ndo wakarudi kwenye nyimbo walizozijua toka utotoni wakazisoma upya kutokea mwisho kwenda mwanzo, na safari hii sweta likamjaa mtu. Asiyekubali ile asubuhi ya Jumapili ana haki ya kusema sweta bado lipo kabatini linasubiri. Hapo ndo tunapoachana na huyo mwenzako, kaburini, sio kwenye sarufi ya Kiebrania, na mwambie hivyohivyo.

Kitu kingine, yeye Pasaka yao wanaimba Haleli, Zaburi 113 mpaka 118. Hiyo 118 ndo yenye "Jiwe walilolikataa waashi" na "abarikiwe yeye ajaye kwa jina la BWANA", na hosana yetu ya Jumapili ya Matawi imetoka humo. Marko anasema baada ya karamu waliimba ndo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni, na wengi wanaona ni hiyohiyo Haleli, ina maana Yesu alikuwa ametoka kuliimba hilo jiwe muda mfupi kabla hawajaja kumkamata. Miaka yote nimeifundisha kwa Kiswahili, sijawahi kuisikia inavyoimbwa na wenyewe. Kama hatojali, muombe akuimbie hata mistari miwili nawe urekodi unitumie, ila usitume usiku wa kwetu, mama yako simu ikilia tu anajua kuna msiba.