Jibu: Asilimia 98 ya DNA ni takataka? Muulize pweza

Waalaykum salaam mleta uzi. Umeuliza hivi: ikiwa jeni za protini hazifiki hata asilimia 2 ya DNA yetu, RNA (nakala zinazotolewa kutoka DNA) zinazotoka sehemu nyengine zina kazi gani pale ubongo wa mtoto unapojengwa tumboni? Au ni takataka, kama alivyosomeshwa mpwa wako wa Kidato cha Sita? Nasomesha biolojia skuli ya sekondari huku Pemba, na kila tukifika mada ya jenetiki swali hili halikosi.

Mimi huliingia kwa pweza na chaza. Bamvua likipwa, kina mama wa kijijini kwetu hurudi na vyote viwili kutoka mwamba mmoja, na huwaagizia waniletee kimoja kimoja. Wote wawili ni moluska, wanyama wa mwili laini kama konokono. Chaza ana vifundo vichache tu vya neva ndani ya gamba lake, basi. Pweza ana seli za neva zinazokadiriwa kufika milioni 500, na kiasi cha theluthi mbili ziko kwenye minyiri, ndiyo maana mnyiri uliokatwa unaendelea kung'ang'ania ubao wa jikoni. Ubongo wake umeuzunguka umio, chakula kinapita katikati yake. Wanafunzi hawaamini mpaka nimpasue.

Hapo huwauliza: tofauti yote hii imetoka wapi? Wengi hujibu kuwa pweza ana jeni nyingi zaidi za protini. Lakini kuna pengine pa kutazama. Mwaka 2022 timu ya mtafiti Nikolaus Rajewsky wa Berlin, Ujerumani, ilitoa utafiti uliotumia pweza wa Naples, Italia (si yule wetu wa mwamba, ila ni jamaa yake). Walikuta kwamba tangu ukoo wa pweza na wa chaza uachane, chaza ameongeza familia 5 tu mpya za maikroRNA (RNA fupi sana, nitazieleza hapa chini). Pweza ameongeza 90, na nyingi ya hizo zinafanya kazi kwenye neva na ubongo. Ongezeko kubwa namna hiyo halionekani ila kwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Hesabu hiyo peke yake haithibitishi kuwa maikroRNA ndizo zilizomjengea pweza ubongo. Ushahidi wa kazi yenyewe unatoka kwa viumbe wengine.

MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, herufi (yaani viungo vyake vilivyopangwa kwa mstari) kama 22. Hakitoi protini. Kinabebwa na protini iitwayo Argonaute, kinatafuta RNA ya ujumbe (mRNA, inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) yenye herufi zinazolingana nacho, kisha ujumbe ule unazuiwa kusomwa au unavunjwa. Kwenye jungu la pilau la shughuli kuna yule bibi asiyetoa mchele wala nyama, lakini ndiye anayeamua lini moto upunguzwe. MaikroRNA ni bibi huyo. Ya kwanza, lin-4, iligunduliwa na maabara ya mtafiti wa Marekani Victor Ambros mwaka 1993 kwa mnyoo wa urefu wa milimita moja. Mtafiti mwengine, Gary Ruvkun, akaonesha ujumbe unaozimwa nayo. Mnyoo aliyekosa lin-4 hurudia hatua za uchanga na hakui inavyopasa. Wengi walidhani ni mambo ya minyoo tu, mpaka ilipopatikana maikroRNA nyengine, let-7, mwaka 2000, ambayo hata sisi tunayo. Ambros na Ruvkun walipewa Nobel mwaka 2024.

Sasa ubongo. Ipo maikroRNA inayoitwa miR-124, imejaa kwenye seli za neva. Seli changa ambayo bado inagawanyika ina kidogo sana. Ikishika njia ya kuwa neva, miR-124 inapanda na kuzima PTBP1, protini inayoifanya seli ikate na kuunga RNA zake kwa mtindo usio wa neva. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitia miR-124 pamoja na miR-9 kwenye seli za ngozi ya binadamu, zikaanza kugeuka neva. Hilo mimi hulirudia mara mbili darasani. Na kwa samaki zebra, ukiondoa Dicer, enzimu inayokata maikroRNA, ubongo wa kiinitete unaumbika vibaya. Ukimrudishia miR-430 tu, umbo la ubongo linarekebika kwa kiasi kikubwa.

RNA ndefu zisizotoa protini ni bahari nyengine, nitagusa moja. HAR1 ni kipande cha DNA cha herufi 118, kilicho ndani ya jeni ya RNA ndefu kama hiyo. Kati ya kuku na sokwe zimebadilika 2 tu. Kati ya sokwe na binadamu, 18. RNA yake inaonekana kwenye gamba la ubongo la kijusi kuanzia wiki ya 7 hadi ya 19, wakati tabaka za ubongo zinapojipanga. Kipande kilichotulia muda wote huo kisha kikabadilika kwa kasi kwetu sisi, mimi siwezi kukiita takataka.

Mdau aliyeandika juu kwamba mtoto wao amechelewa kukaa na kusema, na vipimo vya jeni vikarudi "safi": inawezekana kabisa vipimo vile vilisoma jeni za protini tu. Mwaka 2024 iligundulika kuwa jeni ndogo iitwayo RNU4-2, ya herufi kama 140 na isiyotoa protini yoyote, ikiongezeka herufi moja mahali fulani humletea mtoto ulemavu mkubwa wa ukuaji wa ubongo. RNA yake ni sehemu ya mtambo unaokata na kuunga RNA nyengine. Kwa kawaida badiliko hilo huzuka jipya kwa mtoto, wazazi hawanalo, kwa hiyo tuache kumtupia mama lawama, na mambo ya kusema karogwa. Muulize daktari wenu: kipimo kilisoma jenomu nzima (DNA yote) au jeni za protini tu? Kama ni hizo tu, jeni hiyo haikuguswa.

Mpwa wako kwenye mtihani aandike mRNA, tRNA na rRNA kama mtaala unavyotaka. Nafasi ikibaki, aongeze maikroRNA.