Kabla Hujashusha Giaboksi: Kwa Vijana Wanaoanza Gereji Tanga

Mdogo wangu unayeanza kazi, neno utakalolisikia sana mteja akileta gari la otomatiki ni "gia inateleza". Lisikilize kwa heshima, maana yeye ndiye anayeliendesha kila siku. Ila usilifanye ndiyo majibu ya vipimo. Kwa wateja wengi kuteleza ni jina la kila kitu: gari halina nguvu, linachelewa kuondoka, linagonga likibadili gia, linatetemeka njiani. Muulize taratibu. Linafanya hivyo asubuhi likiwa la baridi au likishapata moto? Kwenye D ya kwenda mbele tu, au hata R ya kurudi nyuma? Mshale wa mizunguko ya injini unapanda bila mwendo kuongezeka? Oili ya giaboksi iliguswa mara ya mwisho lini, na iliwekwa ipi? Hilo swali la mwisho ndilo mafundi wengi hawaulizi, na mara nyingi ndilo lenye jibu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya wenye magari wetu. Mtu wa Ngamiani mwenye Noah ya mkopo akiambiwa "giaboksi imekufa", anakopa tena. Anafungiwa ya mtumba, na muda si mrefu ugonjwa umerudi, kwa kuwa chanzo kilikuwa kwenye rejeta na rejeta hakuna aliyeitazama.

Elewa kwanza kinachobana mle ndani. Plate za klachi za otomatiki, yaani visahani vinavyoshikana ili nguvu ya injini ifike kwenye tairi, zinabanwa kwa presha ya oili. Injini inazungusha pampu, pampu inatengeneza presha, valvu bodi (kipande chenye njia za oili) inaigawa kwa kufuata amri za solenoidi (valvu ndogo za umeme), ndipo plate zinashikana na gari linakwenda. Presha ikipungua plate zinashikana nusunusu, zinasuguana na kuungua. Kwa hiyo mara nyingi presha inaanza kudhoofu, na plate zinafuata. Ukiliwahi gari likiwa bado kwenye hatua ya kwanza, umeokoa giaboksi nzima.

Ndiyo maana mkono wako wa kwanza uende kwenye dipstiki, ule ufito wa kupimia oili ya giaboksi, si kwenye jeki. Kwa Toyota nyingi zenye dipstiki, gari litembee kwanza mpaka oili ipate moto wa kazi, kama nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Lisimamishe pahali tambarare, injini ikinguruma, pitisha mkono wa gia P mpaka L taratibu kisha urudi P, na hapo ndipo upime. Soma alama ya HOT. Ukipima injini imezimwa unapata kipimo cha uongo, utapunguza oili isiyozidi. Baadhi ya magari, Honda nyingi kwa mfano, hupimwa injini ikiwa imezimwa, basi fuata maelekezo ya gari lenyewe. Lisilo na dipstiki mara nyingi lina bolti ya kufurikia, inayotoa oili iliyozidi, chini ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), nalo linataka joto maalumu na mashine ya kulisoma joto hilo. Usikisie. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, inachapwa na vyuma vinavyozunguka mpaka inatoa povu, na povu halibani plate. Magonjwa mawili yaliyo kinyume yanakuletea dalili ile ile.

Kisha pangusa dipstiki kwa kitambaa cheupe. Nyekundu angavu ni nzuri. Ikigeuka kahawia kidogo bila harufu, imechoka tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake plate zimeshaanza kuliwa, na hapo mwambie mteja ukweli kabla hujapokea hata shilingi: oili mpya haitarudisha plate zilizoungua. Ukikuta rangi ya maziwa yenye wekundu, zima injini. Maji yameingia.

Kuhusu hayo maji nikae kidogo, maana ni jambo la kwetu pwani. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi inapita ndani ya tangi la rejeta ili ipoe. Watu wanajaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvi. Chumvi inakula chuma kutoka ndani, mrija wa kupozea unatoboka, maji na oili vinakutana. Maji yanaachanisha utando wa plate na chuma chake. Lakini hata kabla ya kutoboka, rejeta iliyojaa kutu haipozi, na oili inayochemka kila siku inazeeka upesi. Kila gari la otomatiki linaloingia kwako, fungua mfuniko wa rejeta likiwa limepoa kabisa, na ukikuta maji yenye kutu zungumza habari ya kulanti, maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu, hata kama mteja hakuulizia.

Oili ikiwa sawa, panda gari na mwenyewe akiwa pembeni. Toka mjini ushike barabara ya kwenda Pongwe, upate nafasi ya kuliachia. Angalia mshale na mwendo kwa pamoja. Kuteleza kwa kweli ni mizunguko kuruka juu huku mwendo umebaki palepale. Kama gari ni zito lakini mizunguko nayo haipandi, acha giaboksi, tafuta kwenye injini: plagi, koili, filta ya hewa, pampu ya mafuta, au breki zinazoshika. Likitetemeka kwenye mwendo wa wastani kama tairi zinapita juu ya rasta (matuta madogo ya barabarani), shuku klachi ya ndani ya toki konveta, ile ngoma ya oili inayounganisha injini na giaboksi, au oili isiyo ya aina yake.

Ukirudi gereji, pima muda wa kushika. Injini ikinguruma polepole na breki zimekazwa, toa N (gia huru) kwenda D na uhesabu mpaka usikie gari limeshika. Kipimo cha Toyota ni chini ya sekunde 1.2. N kwenda R ni chini ya sekunde 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzisha dakika moja kila mara, na uchukue wastani. Kipimo hiki hakina gharama na kinaeleza mengi: ikichelewa D peke yake, shida iko kwenye klachi ya kwenda mbele au njia yake ya oili, ikichelewa kote, rudi kwenye presha.

Kuna kipimo kingine cha kukanyaga mafuta mpaka mwisho huku breki imekazwa kwenye D, kuona mizunguko inafika wapi. Usikifanye peke yako ukiwa mgeni. Fundi mkubwa awepo, tairi zizuiwe, asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari, na isizidi sekunde 5, maana joto linapanda kwa kasi. Giaboksi ambayo oili yake imeshanuka kuungua, usiipime hivyo kabisa. Utaimalizia.

Upande wa umeme, taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu ya mwendo mkubwa) ikiwa inawakawaka yenyewe, kompyuta inakuita. Unganisha mashine usome. Kodi, yaani namba ya hitilafu, P0741 inahusu klachi ya toki konveta, P0730 inasema uwiano wa gia hauendani. Kodi inakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta wewe. Kabla ya kununua solenoidi, pima: zile za kubadilishia gia kwenye Toyota nyingi za gia 4 zinasoma omu 11 hadi 15. Kagua pia soketi na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi ya gari, maana hewa ya chumvi ya Raskazone na Pangani inaleta kutu ya kijani kwenye pini. Toyota za zamani zenye waya kutoka throtoli (mlango wa hewa ya injini) kwenda giaboksi, tazama kama umelegea. Waya huo ukilegea unashusha presha, na watu wameshusha giaboksi nzima kwa ajili yake.

Ukibadili oili, jua gari linataka ipi. T-IV na WS, aina mbili za oili ya giaboksi za Toyota, si kitu kimoja, na oili ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) iko peke yake kabisa. Usiangalie bodi ya gari: Noah za AZR60 zilianza na giaboksi ya gia 4, kisha kuanzia 2004 zikaja na CVT, na kwa macho ya haraka zinafanana. Ukishusha sampo, tazama sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari mbaya. Kumbuka pia kwamba kumwaga kwa bolti kunatoa sehemu tu, mara nyingi lita 3 au 4. Nyingine inabaki kwenye toki konveta. Pima ulichomwaga, rudisha kiasi hichohicho, kisha upime tena kwa moto. Kwa giaboksi iliyosahaulika miaka mingi napendelea kumwaga na kujaza kwa awamu kuliko kuisukuma yote kwa mashine siku moja.

Mteja anayepanda Lushoto mpe neno lake. Kutoka Mombo unapanda mpaka karibu mita 1,400 kwa kona mfululizo, na D yenye O/D inahangaika kupanda na kushuka gia huku oili ikichemka. Azime O/D, au aweke 2 palipo pakali, na wakati wa kushuka vilevile, breki zake zitapumzika. Gari likizimika njiani, lisivutwe kwa kamba tairi za kuendeshea zikiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, na giaboksi inasagika ikiwa kavu. Lipakiwe, au tairi hizo zinyanyuliwe.

Na ikithibitika kwamba giaboksi lazima ibadilishwe, mambo mawili yafanyike bila haraka. Safisha mirija ya kupozea na lile tangi la rejeta, au badilisha rejeta; uchafu wa plate zilizoungua umejificha humo, na utaingia kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza. Kisha toki konveta iingie mpaka mwisho kwenye pampu: izungushe huku ukiisukuma mpaka usikie imedondoka hatua zote. Giaboksi ifike kwenye injini kwa mkono, uso kwa uso. Ikibaki nafasi, usiivute kwa bolti, maana utapasua pampu. Ishushe tena uipange upya.